Herufi za Absalom kwenye kava za gemu

Jentrix, uko? Nimetoka dukani kwa Indu saa hii.

Anafunga duka la babake hapa Kitale. Si unakumbuka zile kaseti za gemu walizouza hapo 1994, yule mchoraji Absalom akizichorea kava? Watu walizigombania juu picha zilifanana na za ukuta wa kinyozi.

Halafu mimi nikaharibu. Simiyu wangu alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu. Nikaona zile herufi, nikasema mbele ya wateja, "Huu ni mwandiko wa msalaba wa mtoto wangu." Si Absalom ndiye aliandika misalaba ya makaburi ya mtaa wetu wa Tuwan yote. Kutoka siku hiyo hakuna mama alinunua. Ati nani apelekee mtoto gemu yenye mwandiko wa kaburi. Absalom akarudi kwao Bungoma, hakushika brashi tena.

Leo Indu amenitolea kava moja. Ati, "Mama Simiyu, hii Absalom alikuwekea."

Imechorwa kijana anapiga mpira, ana pengo la jino mbele.

Ni Simiyu, Jentrix. Ni Simiyu.

Kava hii ilikuwa pale pale dukani siku ile. Nilisoma herufi tu, uso sikuuangalia.