Vipimo vya Mama

Chumba cha nyuma, dukani kwangu
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Na lile goti, limepona? Huku tunasukuma siku.

Usicheke: tangu Januari ninajifunza kuchora watu kwa rangi za mafuta. Ndiyo, mimi, fundi cherehani mwenye mvi zangu. Mwalimu wetu tunamwita Madoa, maana hana shati hata moja lililo safi. Alituagiza kila mmoja achore mtu wa nyumbani kwake, nami nikawa ninamkalisha Mama kando ya dirisha kila Jumamosi asubuhi.

Dada, niliaibika. Unanyoosha mkono, unapima kwa mpini wa brashi: kichwa, bega, kiwiko. Kupima miili ndiyo kazi yangu, lakini kila Jumamosi bega nililolichora lilikuwa pana kuliko bega la Mama. Nikakwangua rangi kwa kisu, nikarudia. Mara nne! Mama akanitania, "Ndiyo maana suruali zako zinawapwaya watu."

Juzi Madoa alikuja kuiona kazi. Aliitazama picha, akamtazama Mama, kisha akanivuta nje. "Mkono wako hauna kosa," akaniambia. "Mama ndiye anayepungua."

Nilifungua daftari la vipimo vya wateja. Gauni lake la mwaka jana: kifua inchi arobaini. Nikampima juu ya sweta mbili anazovaa siku hizi, na bado futi ya kupimia ilisoma inchi thelathini na tatu. Nilikaa sakafuni nikalia.

Ndipo Mama aliposema. Ni ugonjwa wa ini, na amejua tangu mwaka jana. "Usimwambie dada yako, atahangaika bure. Ukimaliza picha, mpelekee hiyo." Nikaitikia. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na sitaki wewe usikie kilio kwanza. Nina hasira naye, na ninamwonea huruma, yote kwa pamoja.

Bega sasa nimelipata. Ila Madoa anasema rangi ya mafuta haifungwi wala kusafirishwa mpaka ikauke, na yangu, nilivyoirundika, itataka miezi sita. Daktari anampa Mama miwili. Usingoje picha, Dada. Njoo.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu, hasa yule mtundu mwenye pengo. Mama anakusalimu, hajui ninakuandikia nini. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi