Nyasi Ulizotuachia Chanika

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ghafla, Machi ile mvua za masika zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Tunakukumbuka kwa mapenzi na, tuseme ukweli, kwa hasira kidogo. Mwenye hasira kuliko wote ni mama, mkeo Felicitas, na hasira yake yote iko kwenye zile nyasi zako.

Chanika watu wanafagia mchanga. Wewe, Projestus Kagaruki, karani mstaafu wa mahakama, ulipanda ukoka mbele ya nyumba ukakataza mtu yeyote asiukanyage. Jirani yetu Mzee Twalib hakuacha kukuchokoza akipita: "Mzee Kagaruki, nyasi zote hizo unamfugia nani, na hata mbuzi huna?" Ulicheka, ukaendelea kukata. Ulikuwa mpole, hukutufokea hata tulipofeli mitihani. Ila ukimkuta mtu kwenye nyasi na viatu vyake, uso wako ulibadilika. Jioni ulivua soksi ukatembea humo peku, taratibu, kutoka ukutani mpaka getini, na hukutaka kuitwa mpaka umalize.

Kazi yote uliifanya mwenyewe. Mama akigusa tu mpira wa maji au ufagio, unamwambia, "Acha, nitafanya." Alidhani unamhurumia.

Kisha msiba wako wenyewe ndio ukazimaliza zile nyasi. Turubai lilifungwa juu yake, masufuria ya wali na maharage yakainjikwa kwenye kona, watu wakakaa humo na viatu vyao na mvua inanyesha. Tuliporudi kutoka kukuzika kijijini kwenu Kamachumu, mbele ya nyumba palikuwa tope tupu. Mama alisimama getini na begi lake mkononi, akaanza kulia upya.

"Kaburi lake liko kule mbali, kulifikia ni kukesha kwenye basi," alisema. "Hapa nimebaki na nyasi tu, nazo wamezikanyaga."

Akaapa kuzirudisha. Lakini kwa vipi, Baba, wakati hukumwachia hata neno moja? Kipupwe kilipoingia vichipukizi vikaanza kujitokeza kwenye udongo mkavu. Mama akafurahi, akashika ufagio wa chelewa. Akawa anafagia kila asubuhi, maana wageni wa kutoa pole walikuwa bado wanakuja, na yeye amelelewa akijua kwamba uwanja mchafu ni aibu ya mwenye nyumba. Kadiri alivyofagia ndivyo kipara kilivyozidi kupanuka, na hakuelewa kwa nini.

Mdogo wako Gervas, ambaye subira hajawahi kuwa nayo, akaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, imejaa samadi ya machinjio ya Vingunguti, mbichi, bado inafuka. "Shemeji, hii ndiyo dawa yenyewe," alisema, na kabla mama hajajibu alikuwa ameshaimwaga. Ikaunguza hata kile kidogo kilichobaki. Kilichoota juu yake ni magugu ya ndago. Ndago! Mama aling'oa mpaka vidole vikachubuka, na kesho yake zimesimama tena, zinang'aa.

Allen, mwanao wa kwanza, akashindwa kuvumilia kumwona mama yake ameinama juani.

"Mama, tuweke pevingi, hii ishu iishe. Utafagia mpaka uchoke."

"Sitaki."

"Sasa mpaka lini?"

"Nipe mpaka kumbukumbu ya baba yako. Zisipokubali, leta matofali yako, sitakuzuia."

Mvua za vuli zilipoanza, mama akashikwa na malaria. Alilala ndani wiki nzima, mdogo wake Allen, Hope, akimpikia uji, na uwanja haukufagiwa na mtu. Siku aliyotoka nje, kanga kichwani, alikuta ukoka umetambaa katikati ya kile kipara. Alikaa kwenye ngazi akautazama. Kumbe ndivyo vichipukizi alivyokuwa akivizoa kila asubuhi na kuvitupa jalalani! Hapo ndipo alipoelewa kwa nini miaka yote ulikuwa unamnyang'anya ufagio.

"Baba Allen!" alipiga kelele mpaka Mzee Twalib akatoka kwake. "Mdomo ulikuwa wa nini? Si ungesema tu!"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Aliumia kweli, kwamba ameishi nawe na kukuzalia watoto, na bado hukumwona wa kufundishwa.

Kiangazi kikaja na ukali wake. Kisima kikapungua, mama akawa anamwagilia maji ya kusuuzia nguo kabla jua halijachomoza. Upande wa ukutani ukashika. Upande wa getini ukakauka wote.

Jumamosi iliyopita Allen alifika na gari la matofali. Nyasi zilikuwa nusu kijani, nusu kipara, na ndago zimechomoza humo humo. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na mama aliyajua. Allen hakuwaambia vijana wa gari washushe. Alimsubiri yeye aseme.

"Zimenishinda," mama alisema. "Za baba yako zilikuwa nzuri, hizi zimenishinda."

"Kwa hiyo washushe, Mama?"

Mama alichuchumaa, akachimba kwa kidole pembeni ya ndago moja mpaka akakifikia kile kiazi chake kidogo cheusi, akakitoa kizima.

"Chuchumaa hapa," alimwambia mwanao. "Ukikata juu tu, inarudi. Mpaka uitoe na hiki. Angalia vizuri. Baba yako aliyajua haya akafa nayo. Mie sifi nayo."

Allen akachuchumaa na suruali yake ya kazini. Gari likageuza na matofali yake yote.

Misa yako ni Jumapili hii parokiani kwetu, kisha chakula nyumbani. Turubai litafungwa barabarani, mama ameshaliombea ruhusa.

Unakumbukwa na mkeo Felicitas, wanao Allen na Hope, mdogo wako Gervas, aliyeombwa aje mikono mitupu, na jirani yako Mzee Twalib. Mioyoni mwetu hutoki, Baba. Ila kuhusu ule ukimya wako, mama anasema mtauzungumza mtakapoonana.