Kiti cha Dirishani

Dada yangu,

Hapa wote wazima. Wifi yako anakusalimu, na anasema yule paka uliyetuachia kazaa tena kwenye kabati la mashuka, uje uchukue wajukuu wako.

Kazini bado narusha ile ndege ndogo inayotua uwanjani na ziwani. Ziwani lazima magurudumu yawe yamekunjwa. Yakibaki nje yanakamata maji, ndege inabinuka na watu wanazama vichwa chini.

Jumanne nilikuwa nashuka ziwani. Nikatamka kama kila siku, "Maji, magurudumu juu." Mdomo ulisema, lakini mkono haukugusa kitu. Nesi aliyekaa dirishani akaniuliza, "Rubani, hilo gurudumu nalo linaogelea?" Nikapaa tena haraka. Abiria wengine walidhani ni upepo, nikawaacha wadhani hivyo. Bosi naye sijamwambia.

Ijumaa namleta mama kwako, na tutatua ziwani. Usimweleze chochote. Mpigie simu kabla hatujaondoka, umwambie tu akae dirishani, na akiona gurudumu tukikaribia maji, anipigie kelele kama alivyokuwa akinipigia nikiacha mlango wazi.

Mdogo wako