Madume Wanne Nyumbani kwa Robi

Jumamosi, 2 Machi 1996

Tumegawa bata leo! Wanawake watano, bata ishirini wa wiki tisa, na mvua. Mvua ya Ntimaru haina adabu, inasubiri watu wakusanyike.

Kila mmoja dume mmoja na majike watatu. Madume waliozidi wamebaki kwangu, wanenepe, waliwe Pasaka. Mimi ndiye wa kuchagua kwa sababu mimi ndiye niliyeketi siku tatu Migori kwa mafunzo ya bwana mifugo. Mkiani bado hakuna cha kuona. Kile kinyoya cha dume kinachojikunja juu hakitoki mpaka miezi mitatu na zaidi. Umri huu ni sauti tu. Unawashika mmoja mmoja, mkono chini ya tumbo — si miguu, miguu yao huteguka upesi! — unamwinua, analalamika. Jike hupiga kelele kama mama aliyekanyagwa sokoni. Dume ana sauti ya mtu mwenye mafua. Haa, haa.

Bata wa wanawake wanne wa kwanza niliwasikiliza vizuri. Robi alikuwa wa mwisho, na hapo mvua ikashuka juu ya mabati ya kanisa, hata sauti yangu siisikii. Marcella, mwenyekiti wetu, akanipigia kelele: Mwalimu, tia tu, tutarekebisha baadaye!

Nikatia.

Robi ndiye mdogo wetu kikundini. Mume wake Werema ni ndugu ya Elkana wangu, baba mmoja, mama tofauti. Alipakata kikapu kama mtu anayepakata mtoto. Akasema Werema amemruhusu kuingia kikundini kwa sharti moja: mayai ayaone.

Jumatano, 13 Machi

Vita bandani kwangu. Madume kumi waliokua pamoja, ndugu kabisa, leo hawajuani. Mmoja alimshika mwenzake shingo, akampanda, akamgongesha kichwa kwenye ukingo wa karai la maji mpaka jicho likatoka. Nilifika nimechelewa. Nikamaliza kazi kwa kisu. Elkana akacheka, akasema basi leo ni mchuzi.

Nimewatenga. Nimebadilisha nyasi pia, zilianza kuota ukungu na ukungu unaua bata kuliko mwewe. Maji lazima yawe ya kina cha kuzamisha kichwa, waoshe macho na pua. Haya yote nimewaambia wanawake. Nimewaambia na lile kubwa: dume mmoja kwa majike watatu, wanne. Ukizidisha madume, wanamrarua jike.

Tumbaku ya Elkana imeshika vizuri shambani. Yuko na furaha siku hizi.

Jumapili, 31 Machi

Kanisani Robi amevaa kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Amekaa nyuma, si mahali pake.

Baada ya ibada nikamuuliza bata wanaendeleaje. Wakubwa, Mwalimu. Wanakula sana. Lakini wapole, hawapigi kelele hata mmoja.

Hata mmoja?

Hata mmoja, Mwalimu.

Bata jike mpole hayuko duniani.

Jumanne, 2 Aprili

Nimetoka shule saa kumi, nikaenda moja kwa moja kwa Robi.

Wanne. Wote wanne wana kile kinyoya. Shingo nene, vichwa vipana. Nikawashika mmoja mmoja: haa, haa, haa, haa. Mmoja kisogo ni nyama tupu, wenzake wamekuwa wakimpanda kwa kukosa jike. Robi amempaka mkaa na mafuta ya ng'ombe. Aliniangalia usoni, akajua kabla sijasema.

Nikasema, kosa ni langu. Kesho nakuletea majike wawili.

Akasema, usiseme kwa sauti, yuko nyuma ya nyumba.

Lakini Werema alikuwa ameshasikia. Akatokea na tabasamu. Ana meno mazuri huyo mtu, lazima niseme. "Kwa hivyo, Mwalimu, umeniletea wanaume nyumbani kwangu? Wanne? Na wanakula unga wangu?" Nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la Robi, sauti hazikusikika kwa mvua, nitabadilisha. Akasikiliza vizuri kabisa, kama mzazi siku ya mkutano wa shule. Kisha akainama, akamwokota yule mwenye jeraha, akamsokota shingo mara mbili, akamtupa miguuni pa Robi. Miguu ya bata ilikuwa bado inapiga kasia.

Hakumwangalia bata. Alikuwa anamwangalia Robi.

"Pika," akasema. "Na Mwalimu atakula na sisi."

Nilikula. Nilikaa pale nikala vipande viwili na ugali wa wimbi, kwa sababu niliona nikiondoka nimeudhi. Nimetapika njiani.

Jumatano, 3 Aprili

Nimempelekea majike wawili, wale wangu wazuri wa mwaka jana, tayari wanataga. Elkana alisema: peleka bata, Mama Valary, lakini mdomo uache nyumbani. Ile ni nyumba ya mtu.

Nikamwambia Robi abakishe dume mmoja tu, wawili awauze au awachinje leo hii. Werema akasema hakuna mwanamke wa kumwambia dume yupi abaki bomani mwake.

Jumatatu, 8 Aprili. Pasaka ya pili.

Jike mmoja amekufa. Mtoto wa jirani ndiye aliyeleta habari. Madume watatu walimkuta kwenye karai. Mmoja alipanda, wa pili akapanda juu yake, kichwa cha jike kiko chini ya maji. Hawakuacha hata alipokuwa amekwisha kufa. Robi alikuwa mtoni.

Werema alisema ni Robi aliyemwua, kwa kuwa mtoni. Amempiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mkono wa kushoto umevunjika, aliuweka kukinga uso.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilimpeleka Robi dispensari mwenyewe, na mtoto wake mgongoni mwangu. Nesi, mama mtu mzima, alikata nguo, akaona mgongo, akatoka nje kidogo, akarudi. Alama zile unaweza kuhesabu viungo vya mnyororo. Plasta wiki sita.

Tukapita kwa naibu wa chifu. Alituweka kwenye benchi. Akasema ameona mambo makubwa zaidi ya haya, akasema wazee wa ukoo wapo, akasema je, chakula anapika kwa wakati? Robi akajibu ndiyo, kwa heshima, mkono wake umening'inia kwenye leso yangu. Mimi nilitaka kuuma meza.

Njiani nikamwomba msamaha. Nikasema ningewasikiliza wale bata siku ile, haya yote yasingekuwa. Nimekuwa nikilibeba neno hilo tangu Jumatatu.

Akasimama katikati ya barabara. "Mwalimu, kabla ya bata ilikuwa chumvi. Kabla ya chumvi nilichelewa sokoni. Mwaka jana mtoto alilia wakati wa taarifa ya habari." Akaweka mtoto vizuri mgongoni kwangu kwa mkono ule mmoja. "Bata ni bata tu."

Kisha akarudi kwake. Nikamwacha arudi! Nilisimama pale njia panda kama mlingoti.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwuliza Elkana kama atazungumza na ndugu yake. Akasema atazungumza. Lini? Atatafuta nafasi. Tumbaku inataka dawa wiki hii.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna. Mvua. Vifaranga saba wameanguliwa, nimewafungia bandani na mama yao. Elkana hajapata nafasi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nane mchana Robi aliingia uani kwangu mbio. Mtoto mgongoni, plasta imepasuka, damu sikioni. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha kulala, akaingia nyuma ya kitanda changu, akakaa chini. Nilifunga mlango. Elkana alikuwa kwenye banda la tumbaku, nikamwita.

Werema alifika na panga. Hakuwa amelewa. Watu watasema alikuwa amelewa, kwa hiyo naandika hapa: hakuwa amelewa. Alisimama uani akasema kwa utaratibu: "Mwalimu, nipe mke wangu." Nikasema kupitia dirishani kwamba Robi hatoki. Akasema haya. Akageuka, akaingia bandani kwa bata.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Majike walipiga kelele, madume hata kufa kwao ni haa, haa. Alikuwa anakata kama mtu anayefyeka magugu, bila haraka. Manyoya yalitoka mlangoni kama moshi. Bata mmoja alitoka bila kichwa, akakimbia mpaka kwenye ngazi ya nyumba yangu, akaanguka hapo. Wale vifaranga saba — mama yao hakukimbia. Alitandaza mbawa juu yao, akamfungulia mdomo. Werema alimkanyaga. Nilisikia mifupa. Kisha akakanyaga na vilivyokuwa chini.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Nakumbuka mchi mkononi. Nilimpiga kifundoni mwa mkono, panga likaanguka, nikampiga begani, nikainua mara ya tatu na mara hiyo nilikuwa naangalia kichwa chake. Niliona mahali hasa nitakapopiga, pale nywele zinapojizungusha. Nilitaka. Mungu unisamehe, au usinisamehe, nilitaka.

Mtu akanikamata kwa nyuma. Mikono yote miwili, kifua chake mgongoni kwangu. Elkana! Alinibana mpaka mchi ukaanguka. Alinishika mimi. Werema alikuwa hapo mbele yake, hana kitu mkononi, na mume wangu alinishika mimi.

Werema akanipiga kofi nikiwa nimeshikwa. Mara mbili. Elkana akasema, "Basi, ndugu yangu, basi." Hakuachilia.

Werema akaokota panga lake, akalipangusa kwenye nyasi, akaenda. Akasema kesho atakuja na kesho kutwa atakuja.

Bata kumi na saba. Nimewaweka kwenye magunia mawili. Jike mmoja amepona, bawa limekatika, alikuwa amejificha chini ya pipa. Nimemfunga bawa kwa kipande cha shuka na nimemweka jikoni.

Jino langu moja linacheza.

Elkana amelia mbele yangu. Anasema aliogopa nitakuwa mwuaji, Valary atabaki bila mama. Anasema kesho alfajiri anaenda Kehancha kuleta polisi, yeye mwenyewe, kwa mguu kama hakuna gari. Amenishika mkono akaapa. Nimemwambia asante.

Jumapili, 21 Aprili

Saa mbili. Elkana ameondoka gizani. Sikwenda kanisani. Robi amekunywa uji. Sikio limevimba, halisikii.

Saa nne. Werema yuko langoni. Amekaa kwenye jiwe, panga juu ya mapaja. Haingii. Watu wanaotoka kanisani wanamsalimu na yeye anaitika.

Robi anasema twende kwa mama yake mzazi, ng'ambo, upande wa Tanzania. Kuna njia nyuma, kupitia kwenye tumbaku. Nimesema tungoje polisi kwanza, mpaka si mbali lakini na mtoto na mkono ule atatukuta kabla ya mto. Amesema sawa. Kisha akasema: mahari yangu ndiyo iliyomwolea kaka yangu mke. Mama atanipokea, baba atanirudisha. Alisema kama mtu anayesoma ubao.

Saa sita. Marcella amepita barabarani, akamwona Werema, akaniona dirishani. Hakusimama. Lakini alikuwa anatembea mbio kwa mama wa umri wake.

Saa saba na nusu. Nimewaona. Naona kofia ya Elkana juu ya ua. Nilimwambia Robi wamefika! Akasimama, akaanza kumfunga mtoto.

Si polisi. Wazee wanne wa ukoo, wenye fimbo zao, mmoja ameletwa kwa baiskeli. Tope la Kehancha halimo viatuni mwao wala mwa mume wangu. Hakufika huko. Werema ameinuka, ameweka panga chini ya jiwe, anawasalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mzee wa kwanza amemshika bega, amemwita mura, mwanangu. Wanacheka kitu.

Robi anaangalia uso wangu. Hawezi kuona nje alipo. Anauliza: ni wao?

Nimesema ndiyo, ni wao. Nimemwambia amvushe mtoto dirisha la nyuma kwanza, kisha yeye, washike ile njia ya tumbaku.

Wameingia uani. Wamepita kwenye damu ya bata bila kuangalia chini. Elkana yuko mbele, ameshika kofia mkononi.

Nimeteremsha komeo. Nimesukuma meza ya Elkana mlangoni, na naandika juu yake kwa sababu kalamu inanituliza. Plasta ya Robi imekwama dirishani. Anavuta.

Elkana anabisha. Anabisha polepole, kwa vidole viwili, kama anavyobisha siku zote.

"Mama Valary, fungua. Ni mimi."

Najua ni wewe