Kuku wa Juma la Nne

Jumamosi, 4 Mei 1996. Kiomboi

Mnadani tangu saa moja asubuhi. Daftari la mistari, kalamu mbili, kofia ya mume wangu. Kazi ya leo: kuhesabu kuku. Miaka kumi na miwili ya chaki sekondari, leo nimesimama kwenye vumbi nahesabu kuku. Ndiyo shahada kwa masafa hiyo.

Zoezi la kwanza la Uchumi wa Awali. Chagua bidhaa moja. Nenda sokoni majuma manne mfululizo. Andika bei, andika wingi ulioletwa, chora mstari wa ugavi. Mwezi wa sita tunakutana na mhadhiri Singida mjini kwa majuma mawili. Asiyepata alama ya zoezi haketi mtihani. Asiyeketi mtihani anarudia mwaka mzima. Mkuu wangu wa shule amenipa ruhusa mara moja, na kwa kununa. Hatanipa mara ya pili.

Nahesabu matenga, maana kuku mmoja mmoja haiwezekani. Mchuuzi akijaza tenga na kulifunga, nachora alama. Leo matenga kumi na tisa. Bei ya kawaida. Kina mama wawili waliponiona na daftari walifunika majogoo kwa khanga wakahamia upande wa pili. Walidhani ni mtu wa ushuru. Ilibidi nianze kujieleza kama mgombea. Uso umeungua.

Jumamosi, 11 Mei

Malori mawili kutoka Dar es Salaam. Tangu biashara iachiwe huru wanakuja wanapotaka na kununua wanavyotaka. Kabla ya saa nne bei ilikuwa imepanda. Nikasema leo kuku watamwagika.

Matenga kumi na manne. Nimehesabu mara mbili.

Jumatano, 15 Mei

Kijitabu cha masomo, ukurasa wa tisa: bei ikipanda, wauzaji huleta zaidi. Mstari unapanda kwenda kulia. Wangu unashuka. Nimeigeuza karatasi juu chini. Bado haufanani. Baba Neema ameniuliza kama nasoma au nacheza.

Jumamosi, 18 Mei

Malori matatu. Bei juu zaidi. Matenga kumi na moja tu, na wanunuzi wanagombana.

Nilimfuata Mama Joeli, binti yake yuko kidato cha pili kwangu. Nikamuuliza mbona kaleta kuku watatu tu siku ya bei nzuri hivi. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, si ada tu? Mwaka jana ilinitoa kuku watano. Leo watatu wametosha. Hao wawili niwauze wa nini? Mayai nitakula wapi?"

Nimeyaandika maneno yake chini ya ukurasa. Sijui yanakaa wapi kwenye mchoro.

Jumamosi, 25 Mei

Neema amelazwa. Malaria. Homa tangu jana mchana, alikuwa anaita majina ya watu ambao hawapo. Nimekaa wodini siku nzima. Mnada umeanza na kuisha bila mimi. Ukurasa wa nne ni mweupe. Leo sijali.

Jumapili, 26 Mei

Neema amekunywa uji, amekataa dawa, amenitukana kidogo. Anapona.

Zoezi linatakiwa liondoke na basi la kesho asubuhi. Wachuuzi wameshaondoka na malori, hakuna wa kumuuliza. Baba Neema anasema andika ukweli, kwamba mtoto aliumwa, hukuweza kwenda. Nikamwambia chuo hakipokei udhuru. Sijui kama ni kweli. Sikuuliza.

Nimepika. Nilifungua ukurasa wa tisa, nikasoma mstari unavyotaka, nikaandika: bei juu, matenga ishirini na mawili. Imenichukua muda mfupi kuliko kuchambua mchele. Sijisikii vibaya. Hilo ndilo linalonisumbua kidogo.

Jumatatu, 3 Juni. Singida

Nimefikia kwa shangazi. Alinisubiri mlangoni, nikamwamkia, akaanza papo hapo: mwanamke mzima na madaftari, mtoto karibuni ametoka hospitali. Nilikubali kila kitu. Ndiyo njia fupi.

Tupo thelathini na kitu kwenye ukumbi wa kuazima. Walimu, makarani, wawili waliopunguzwa kazi serikalini, mfanyabiashara mmoja. Huyo ni Salumu, familia yao ina duka la vitenge hapa mjini, kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, ananiita Dada Rahel na kunishikia kiti. Ameniambia anasoma ili baba yake aache kumwita mpima vitambaa.

Mhadhiri ni mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linaumiza macho. Anafundisha vizuri mno. Hatazami karatasi. Kila swali analijibu kwa soko: walimu hawatoshi, acha soko. Dawa hazipatikani, acha soko. Mpaka saa tano alikuwa ameshapewa jina. Tunamwita Soko Huria. Kijitabu chetu kakiandika yeye mwenyewe.

Namwogopa. Pia nataka aniseme vizuri. Nina miaka thelathini na sita, ni aibu.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya.

Alirudisha mazoezi. Langu alibaki nalo mkononi. Akaniambia nisimame. Akachora ubaoni majuma yangu matatu ya kwanza, mstari ukateremka kama barabara ya Sekenke. Darasa likacheka. Akasema hapa kuna mwalimu wa sekondari aliyekaa nyumbani akapika takwimu, tena hajui hata kupika, maana kazipika kinyume. Wakacheka tena. Halafu akaweka juma la nne. Akaligonga kwa chaki. Hili, akasema, ndilo juma pekee alilokwenda sokoni.

Nilisimama pale mpaka akaniambia niketi.

Amenipa mpaka Jumatatu. Nilete daftari nililohesabia, mbele ya wote. Likithibitisha, nitapata alama. La sivyo sifuri, na mtihani wa Septemba niusahau.

Nilicheka mwenyewe njiani mpaka mama mmoja akanipisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegeuza kila upande. Daftari ndilo ushahidi wangu. Kurasa tatu zina alama, tarehe, vumbi la mnada, kinyesi cha kuku, maneno ya Mama Joeli. Mtu yeyote akiliona anajua nilikuwepo. Na ukurasa wa nne ni mweupe pe. Nikilionyesha najisafisha na kujichafua kwa pamoja.

Mchana nilimweleza Salumu kila kitu. Nilihitaji kumwambia mtu. Hakushangaa hata kidogo.

"Dada Rahel, mbona jambo dogo? Sema ulikosea kunakili. Umepindua, kuku wa juma la kwanza umewaweka la tatu, wa la tatu umewaweka la kwanza. Yeye anataka mstari upande. Mpe unaopanda, uende zako mtihani."

Nikamuuliza na daftari je. Akasema madaftari yanauzwa dukani.

Nimemkasirikia. Nimemkasirikia kwa sababu nimelifikiria hilo kabla yake.

Ijumaa, 7 Juni

Soko Huria hakunitazama leo. Alipouliza maswali mkono wangu aliuruka. Waliokaa karibu nami juzi wamehama benchi.

Jumapili, 9 Juni

Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuyasema.

Baada ya kanisa shangazi alikwenda kwenye msiba. Nilibaki peke yangu. Nikachukua daftari nikajaza ukurasa wa nne. Tarehe ya mnada, alama ishirini na mbili za matenga, bei kwa pembeni. Kalamu ileile. Ukawa msafi kuliko wenzake. Basi nikaenda bandani kwa shangazi, nikachota kinyesi cha kuku kwa kijiti, nikapaka kwenye pembe ya karatasi. Nikaanika juani. Nikakaa kwenye kigoda nikisubiri kikauke.

Mimi. Ninayewachapa watoto kwa kuandika majibu kwenye kiganja.

Umekauka vizuri. Hakuna atakayejua. Nimejichukia mchana kutwa, na daftari nimelitia kwenye mkoba.

Jumatatu, 10 Juni

Nitaandika ilivyokuwa.

Saa tatu aliniita mbele. Nikampa daftari. Alilifungua kwa vidole viwili kwa sababu ya uchafu. Ukurasa wa kwanza akafunua. Wa pili akafunua. Wa tatu, ambako Mama Joeli amesema yote, akafunua bila kusoma. Alifika wa nne akasimama. Akaunyanyua darasa lione. Akasema ndugu zangu, hivi ndivyo kazi ya uwandani inavyofanywa, tazameni, hata kuku wenyewe wameweka sahihi. Wakacheka, safari hii kwa uzuri. Akaniambia mwalimu, naona ulikwenda, basi hizo nyingine ulikosea kunakili, zirekebishe, nitakupa alama.

Alikuwa ananisaidia. Nilikuwa nimeshapona. Nilitakiwa kusema asante tu.

Nikasema huo wa nne ndio wa uongo.

Sikusema kwa uchaji Mungu. Nilisema kwa hasira. Aliruka maneno ya yule mama kama anaruka dimbwi, halafu akasifia kinyesi nilichopaka jana. Nikamwambia siku hiyo mtoto wangu alikuwa amelazwa, nikamwambia na kijiti na jua. Nikamwambia juma la nne sikulitoa mnadani, nililitoa ukurasa wa tisa wa kijitabu chake. Na hayo matatu niliyahesabu kwa macho yangu, na kama hayafanani na kitabu aende akamuulize Mama Joeli.

Hakuna aliyecheka. Salumu alitazama dirishani.

Soko Huria alikunjua ukurasa wa tatu akasoma. Akasoma tena. Shingo ilimwiva. Akafunga daftari akasema aliyepika juma moja hawezi kuaminiwa majuma matatu. Akatoka. Hakurudi mpaka saa nane.

Nimejilaza na nguo za darasani. Shangazi anauliza kama ni homa.

Jumanne, 11 Juni

Orodha ya watakaoketi mtihani imebandikwa. Jina langu halimo. Sifuri.

Anayo haki. Hilo ndilo linalouma, kwamba anayo haki. Nilidanganya, nikakiri, nikahukumiwa. Ila kuku ni kweli. Kuku wa majuma matatu ni kweli tupu, na wamekwenda na maji machafu.

Nimempigia Baba Neema kutoka posta. Nilitegemea aseme nilikwambia. Akasema Neema anakula sasa. Nikalia kwenye kibanda cha simu, mtu akigonga kioo.

Nilitaka kurudi kesho. Lakini ruhusa ni ya majuma mawili na sitaki mkuu wa shule aniulize. Nitakaa mpaka mwisho.

Alhamisi, 13 Juni

Upepo mkali, vumbi mpaka kwenye chai. Nimekaa benchi la nyuma. Hakuna aliyenisumbua. Sikuandika kitu.

Ijumaa, 14 Juni

Kipindi cha mwisho. Aliingia amechelewa, hakusalimia. Akachora mstari wake wa ugavi, unapanda kulia kama siku zote. Alipofika katikati alisimama. Halafu akaukunja, ukarudi nyuma kushoto.

Akasema wapo wauzaji ambao hawauzi ili wapate faida. Wanauza kwa shida moja maalumu. Bei ikipanda, shida inaisha mapema, wanachukua mali iliyobaki wanarudi nayo nyumbani. Akatoa mfano wa mbuzi. Alieleza vizuri sana, kwa utulivu, kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Upande wangu hakutazama.

Karani mmoja akauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani. Akasema waandike vizuri. Kalamu zote zikainama. Na mimi nikaandika. Nina hasira na nina furaha, na sijui ipi ilitangulia.

Saa sita tuliagana. Waislamu walikwenda Ijumaa. Nilikuwa nafunga mkoba kwa shangazi Salumu alipokuja, kofia bado kichwani. Alisimama mlangoni kwa haya, si kawaida yake. Akasema ile ya leo ya mstari kurudi nyuma hajaielewa, na kule darasani aliona aibu kuuliza.

Nikamkaribisha. Shangazi akaleta chai. Nilimweleza kwa kuku, si kwa mbuzi. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili nilichora chini kwa kijiti, nikaweka ada, nikaweka kuku watano, nikaondoa wawili. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema sasa ameelewa, ikija Septemba hataikosa.

Nikamwambia aandike jibu polepole, na asisahau kuandika majina kwenye mistari ya mchoro, bei huku, kuku kule.