Kibuyu Nilichokiosha

Jumatatu, 5 Juni 2006. Kitengela

Kosa la wengi, hata sisi wasomi, ni kudhani kwamba bakteria wasioota kwenye sahani ya maabara hawapo. Nimelifundisha kosa hilo miaka mingi. Tunawapa chakula tunachotaka sisi, wakikataa kukua tunaandika: hakuna. Siku hizi tunachota DNA moja kwa moja kutoka kwenye maziwa, tunaisoma, na kumbe nyumba imejaa.

Asubuhi nimekwangua ndani ya kibuyu cha Mama Lemayian wa Kisaju. Cha ishirini na tatu katika utafiti wangu wa vibuyu vya maziwa, na bora kuliko vyote. Alikirithi kwa mama mkwe wake. Anasema maziwa yake ya mgando hayajawahi kuharibika. Nimepata utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Sampuli iko kwenye friza. Kibuyu nimekiosha vizuri: maji moto, sabuni, kisha spiriti. Mama yangu kule Machakos hakuwahi kurudisha chombo cha watu kikiwa kichafu. Kesho nakirudisha.

Jumatano, 14 Juni

Baridi. Mgongo unauma.

Nimepita Kisaju. Maziwa ya Mama Lemayian yameharibika mara tatu mfululizo. Machungu, yananuka. Lawama zote kwa Nasieku, mke wa mwanawe, aliyeolewa mwaka jana. Yeye ndiye husafisha kibuyu kwa desturi: kijiti cha oloirien, mzeituni mwitu, huchomwa hadi kiwe kaa, husuguliwa ndani, majivu hupanguswa. Sabuni haiingii.

"Anaharakisha kazi aende kuongea na simu," Mama akaniambia. "Daktari, hawa wasichana wa shule hata moshi wanaogopa!"

Nasieku alikuwa hapo hapo, akiwamwagia mbwa maziwa.

Nilijua papo hapo. Nikanywa chai. Nikanyamaza.

Jumanne, 20 Juni

Nimejaribu kulaumu nyasi. Nimejaribu kulaumu ng'ombe. Haifai.

Ukuta wa kibuyu ni shamba la zamani. Kaa la moto huua walio juu tu. Waliojificha kwenye vitundu hubaki, na maziwa mapya yakiingia wao ndio huanza kazi, wakawafungia wageni mlango. Mimi nilifyeka shamba lote. Mgeni wa kwanza akaingia, akatawala. Hiyo ndiyo ikolojia niliyowafundisha wanafunzi tangu nikiwa na nywele nyeusi, nikaisahau kwenye sinki.

Sababu halisi ya kunyamaza: bado nahitaji vibuyu vya majirani zake. Wakijua, hakuna mama atakayeniachia chake tena. Ni aibu kuandika hivi. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 23 Juni

Nimekwenda Kisaju kusema.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia.

Nikamweleza Mama Lemayian yote. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Spiriti! Kwani kibuyu changu kilikuwa kinadungwa sindano?"

Nikamwambia mbegu ya zamani ninayo, iko kwenye friza. Akauliza friza hiyo ina nini kingine. Nikasema ukweli: mavi ya ng'ombe, kwenye chupa. "Basi kaa nayo." Ataanza upya na maziwa kutoka kibuyu cha dada yake. Ana busara kunishinda.

Kisha kicheko kikaisha. Nasieku aliondoka Jumapili, amerudi kwa baba yake Isinya. Hakufukuzwa. Alinyang'anywa kibuyu tu, kazi ya kukisafisha akapewa jirani. Kwa mke wa boma, hilo linatosha kumwondoa.

Nikamwomba Mama atume mtu akamwite.

"Aende kumwambia nini? Mimi nitaongea yangu akirudi. Lakini kosa ni lako, mdomo ni wako."

Jumamosi, 24 Juni

Mawingu. Kimya.

Nimeongeza sentensi moja kwenye rasimu ya makala: kibuyu cha ishirini na tatu kiliharibiwa na mtafiti mwenyewe. Ilikuwa rahisi kuiandika. Nasieku hataisoma.

Nimefikiria barua. Barua itafunguliwa na mwingine, itasomwa nusu. Nimefikiria kungoja Jumatatu. Zimeshapita siku kumi tangu siku ile nilipokunywa chai.

Leo: nenda Isinya, useme mbele ya Nasieku na baba yake kwamba ni wewe uliyekiosha.