Gitaa Ulilosema Lina Ufa

Yaya, kaka yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unataka nikutumie ule wimbo wa matanga ya Mama ulionaswa kwa simu, ili bendi yenu huko Lubumbashi ijifunze kuupiga. Nilikuwa naanika ndagala. Nikausikiliza mpaka mwisho, nikaweka simu chini, nikaendelea kuwatandaza samaki wangu juani. Hasira ya kukujibu palepale nilikuwa nayo, tena ya kutosha, lakini nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu una ulimi mtamu, na mimi huishia kukusamehe kabla sijamaliza kusema.

Unakumbuka tulivyolitafuta lile gitaa? La Papa, baba yetu, lilikuwa limekwisha, daraja limebanduka, na shingo yake pana ilikuwa inanitesa vidole. Ulinifundisha juu yake hivyohivyo, huku ukinicheka. "We mutoto, unakamata gitare kama vile umebebeshwa mutoto wa wenyewe!" Nilikupenda sana siku zile. Nilidhani hakuna mtu Kalemie nzima mwenye kaka kama wangu.

Papa alipofariki, Mama aliuza nyavu zake na taa zake za kuvulia, akasema tutafute gitaa moja la kufanya kazi mbili. Jumapili lichomekwe kwenye ampli, jenereta ingurume, kwaya isikike mpaka barabarani. Na kwenye matanga lipigwe tupu. Unajua desturi ya kwetu: mwili ukiwa bado nyumbani, spika haiwashwi, hata awe amefariki mtu mkubwa namna gani. Nyuzi ziwe za nailoni, kwa sababu Mama hakutaka kusikia habari za chuma. "Chuma inagombeza watu," alisema. Na shingo iwe nyembamba kidogo, kwa ajili yangu.

Yule muuzaji pale sokoni alikuwa nayo mawili ya namna hiyo. La kwanza lilikuwa jembamba, mwili wake karibu ubao mtupu. Ulipolichomeka lilitoa sauti safi, hata ukisimama mbele ya spika halipigi ule mlio wa kuumiza masikio. La pili lilikuwa na tumbo kidogo na tundu, na karibu na tundu alama nyeusi ya fundo la mti. Ukilisogeza kwenye spika lilianza kulia ovyo, ila muuzaji alikuonyesha kifuniko cha mpira cha kuziba tundu, na likatulia. Niliijaribu shingo yake, vidole vyangu vikafika kote bila kujinyoosha.

Mama akatoka nje mpaka kwa wauza unga, akatugeuzia mgongo, akafumba macho.

"Mupige sasa, bila ampli. Moja, kisha ingine. Musiniambie ni gani."

Tulipiga. Akarudi, akaweka mkono juu ya lile la pili.

"Hii inafika. Ile ingine inabakia kwenu wenyewe. Siku yangu mimi nitalala ndani, na wamama watajaa mpaka kule jikoni. Nataka wa kule jikoni nao wasikie." Halafu akaliona lile fundo, akacheka. "Tena iko na jicho. Inaniangalia."

Hukubisha, Yaya. Ulisema, "Sawa, Mama, ndio hii." Muuzaji akabaki nalo alibadilishe nyuzi, na kesho yake ukaenda peke yako kulichukua. Ukarudi na lile jembamba.

"Ile ingine ilikuwa na ufa, Mama. Tuliiona vibaya. Ningekuletea kitu ya kupasuka?"

Mama alikutazama kidogo, akasema, "Basi, Mungu anajua," akaenda kugeuza samaki. Mimi nilikuamini kabisa. Hata nilimcheka yule muuzaji kwamba alitaka kutubambikia gitaa bovu.

Sitakataa kwamba kanisani ulilipiga vizuri. Watu waligeuza shingo. Haukupita muda ukatangaza kwamba kuna bendi ya hoteli inakusubiri Lubumbashi, ukaondoka nalo. Noeli uliporudi ulikuwa na jingine jipya, linang'aa, ukanikabidhi lile la kwanza. "Sasa hii ni yako, mudogo wangu." Nilikushukuru mbele ya wageni. Mama alipiga vigelegele. Nikikumbuka vile vigelegele, Yaya, hasira inanipanda upya.

Halafu Mama akafariki. Ulisema usafiri umekosekana, na hilo pia nililiamini.

Ile alasiri kabla ya kwenda kuzika nilikaa karibu na kichwa chake, nikaanza wimbo wake, ule ambao Papa alikuwa akiuimba akirudi kutoka ziwani. Nilipiga kwa nguvu zangu zote mpaka kucha ikachanika. Waliokaa mkekani karibu nami walisikia. Mlangoni hawakusikia. Wamama wa jikoni walianza kwa sauti yao, mimi kwa yangu, na katikati ya ubeti tukaachana kabisa. Mama mudogo akanigusa bega. "Acha tu, mwanangu. Tutaimba hivihivi." Niliona aibu mbele ya mama yangu, naye amelala pale.

Ndipo alipoingia Papa Simeoni, yule mzee anayeongoza kwaya moja ya mtaa wa Katanika, na waimbaji wake. Alikaa kwenye kizingiti, akafungua mfuko, akatoa gitaa. Alishika wimbo pale ulipoanguka, na nyumba nzima ikamfuata. Wa jikoni wakarudi. Nililia, nikashukuru, sikuwaza jingine.

Tuliporudi kutoka makaburini nilienda kumpa mkono. Gitaa lilikuwa magotini pake. Nikaliona lile jicho.

"Papa, ule ufa wake mulitengenezea wapi?"

"Ufa gani, binti yangu? Hii haijapata ufa hata siku moja. Muuzaji alisema kuna kijana mumoja alikuwa ameichagua na mama yake, kesho yake akakuja kuikataa. Alisema anataka ile haipigi kelele kwa bafle, kwa spika, kuna bendi inamungojea."

Sikumwambia huyo kijana ni nani. Nilikusitiri, Yaya, hata siku hiyo.

Ungesema! Ungemwambia Mama, "Nataka kwenda, nipe lile la jukwaani." Angenuna, angekupa. Mama alikunyima nini wewe? Lakini ulimwangalia usoni mama aliyeuza nyavu za mumewe, ukatunga ufa. Na kile kisichokufaa tena ukanipa mimi, ukaacha nishukuru. Nimesalitiwa na mtu aliyenishika vidole nyuzini kimoja kimoja. Sijui nikuite nani sasa, nimeandika Yaya kwa mazoea.

Wimbo ninakutumia. Aliyeunasa alikuwa amesimama na wamama kule jikoni. Mwanzoni utasikia sauti zao tu, zinapotea, zinanyamaza. Usiruke hapo. Hapo ninapiga mimi, gitaa lako, kwa nguvu zangu zote. Kisha utasikia jingine likiingia, na wote wanarudi. Hilo utalitambua, ulilipiga mwenyewe sokoni, Mama akiwa ametugeuzia mgongo.

Mkitaka kuupiga kwenye ukumbi wenu, siwakatazi. Ila chomoa waya kwanza, uwaulize watu wa nyuma kama wanasikia.

Kaa salama huko uliko.

Mdogo wako